Karatasi ya Kumrudisha Noel

Noel Msengi, mtoto wa shangazi yangu Agripina, alikuwa mfungaji wa magunia ya vitunguu pale Shelui. Najua kuna watakaosema hiyo si kazi ya kumwandikia mtu habari zake. Waende wakajaribu. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linawekewa kilemba juu, ile lumbesa ambayo kila mwaka inapigwa marufuku na kila siku wanunuzi wanaidai, na kilemba hicho kinashonwa kwa kamba ili kitunguu kisidondoke hata kimoja mpaka lori liingie Dar es Salaam. Noel alishona lumbesa miaka tisa. Madereva walikuwa wakifika Shelui wanauliza kwanza, "Yule mrefu yupo?" Asipokuwepo, wanaagiza chai na kumsubiri.

Alikuwa mrefu kweli. Mikono yake ilizidi kila shati alilowahi kununua, na alikuwa na tabia ya kuanza kucheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho, hivyo mara nyingi tulicheka naye bila kujua tunacheka nini. Alifika miaka ishirini na minane hajaoa. Alisema ataoa akishanunua mashine ya kukamua alizeti na kuifunga kijijini kwetu Kinampanda, kwenye kibanda alichoacha marehemu baba yake, ili mama yake aache kupeleka alizeti Kiomboi kila msimu na kurudi na madumu ya mafuta, mgongo umepinda. Habari za mashine hiyo tulizisikia mpaka zikatuchosha. Picha yake ilikuwa kwenye simu yake, na ukikaa naye dakika kumi lazima akuonyeshe.

Ni madereva hao hao waliomtia wazo la kusini. Wakamwambia mashamba ya huko yanakwenda kwa misimu: mahindi Zambia, zabibu Namibia, matufaha Afrika Kusini. Mwenye nguvu anaweka nguo zake kwenye begi la mgongoni, anafanya kibarua hapa miezi miwili, pale mitatu, anapata nauli, anasonga mbele. Noel akachora safari yote nyuma ya daftari, miezi upande huu, nchi upande ule. Mwisho kabisa, kwenye mwezi wa Juni, hakuandika nchi. Alichora mashine.

Sasa nijitaje na mimi, maana sitoki kwenye habari hii. Naitwa Fredrick. Nina duka la vifaa vya ofisi Singida Mjini, karibu na stendi, napiga kopi, nachapa barua, najaza fomu za watu. Ukoo mzima wananiita mwanasheria, ingawa sheria ninayoijua ni moja tu, kwamba fomu ijazwe kwa herufi kubwa. Karatasi yoyote yenye Kiingereza ikifika Kinampanda, inasubiri nifike.

Baba yangu, mzee Laurenti, ndiye kaka wa shangazi Agripina, kwa hiyo ndiye mjomba wa Noel, na kwetu Iramba neno la mjomba halirukwi hivi hivi. Akasema Noel haondoki bila bima ya safari. Si kwamba alikuwa anajua bima ni nini. Alikuwa anamkumbuka Philipo, mtoto wa mdogo wake, aliyekwenda huko huko kusini miaka sita nyuma akafia huko, na hatukuweza kumleta. Wazee waliamua tuzike shati lake. Tukachimba kaburi la urefu wa mtu, tukaimba, tukalaza shati. Mama yake Philipo mpaka leo akipita pale anageuza uso, kwa sababu, anasema, lile kaburi halina mtu. Baba alikuwa ameapa kwamba jambo hilo halitajirudia yeye akiwa hai.

Basi nikaenda kwenye ofisi ya bima mjini, nikaongea na dada mmoja mpole anaitwa Jenifa, akanipa karatasi za bima tatu. Jumamosi nikazipeleka Kinampanda. Walikuwepo baba, shangazi, Noel mwenyewe na wazee wawili wa ukoo. Nikasoma na kutafsiri.

Ya kwanza ilikuwa ghali, ng'ombe wawili wazima. Akiugua inalipa hospitali mpaka apone, na ikishindikana huko inamrudisha nyumbani kwa ndege, nesi akiwa pembeni yake. Ya pili ilikuwa ya katikati, hatukuijadili. Ya tatu ilikuwa bei ya mbuzi watatu. Hospitali inalipa kidogo, ikifika kiwango inaacha. Lakini akifa inalipa kila kitu: jeneza, ndege, hata gari la kutoka uwanja wa ndege.

"Soma tena hapo pa kufa," baba akasema.

Nikasoma tena. "Gari la kuupeleka mwili wa marehemu mpaka nyumbani kwake."

"Mpaka nyumbani ni mpaka wapi? Mpaka Singida?"

"Mpaka hapa, baba. Mpaka mlangoni."

Wazee wakatazamana. Mmoja akapiga goti lake kwa kiganja, akasema, "Hee! Hata tajiri haletwi hivyo!" Nikaambiwa nisome mara ya tatu, nikasoma, na nyuso zilikuwa na furaha utadhani nasoma barua ya posa.

Shangazi Agripina peke yake ndiye aliyeuliza. "Na akiugua?"

"Agripina," baba akamjibu, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, "mtu akiugua kuna mawili. Atapona, au hatapona. Akipona, atarudi kwa miguu yake. Asipopona, karatasi hii inamleta. Umebakiza swali gani?"

Hakuwa na swali. Sisi wote hatukuwa na swali. Tulikuwa tumezika shati, tunajua uchungu wa kaburi tupu, na tukachagua bima kwa uchungu huo.

Lakini mimi nilikuwa nimeuona mstari wa kumrudisha mgonjwa. Ulikuwa umeandikwa kwa ufupi: haihusiki. Niliusoma haraka, sauti chini, kama unavyosoma namba ya simu iliyo mwisho wa karatasi. Nitasema wazi kwa nini, kwa sababu nimechoka kujidanganya. Ningekazania ile ya kwanza, wangeniambia mwanasheria toa ng'ombe mmoja, na mimi nilikuwa nalipia mashine mpya ya kopi. Tena nilitaka kuwahi gari la kurudi mjini. Ni hayo tu. Si kwamba sikujua.

Noel akanipiga begani. "Kaka Fred, chukua hiyo hiyo ya jeneza. Mi siendi kuugua, naenda kuchuma zabibu." Akaanza kucheka, na sisi tukacheka.

Jumatatu nilipokwenda kulipa, Jenifa aliniuliza, "Mmesoma vizuri, kaka? Wanaokwenda kufanya kazi huwa nawashauri ile ya kwanza."

"Ukoo umeshaamua," nikamwambia, na nikajisikia mtu mkubwa.

Aliondoka tarehe moja Julai. Bima ilianza siku hiyo hiyo, ya mwaka mmoja. Begi lake lilikuwa la kijani, limenunuliwa mnadani, zipu moja haifungi, akaishona kwa mshono wake wa lumbesa. Alitutumia sauti kwenye simu kila Jumapili. Zambia alipakia mahindi mpaka kijiji kizima kikamjua. Mwezi wa kumi na moja akaingia Namibia, kwenye mashamba ya zabibu kando ya mto, akasema nchi hiyo ni jangwa, mawe matupu, halafu ghafla kijani kibichi mpaka macho yanauma. Huko alikutana na Amosi, kijana wa Mkalama, wilaya jirani na yetu, wakapanga chumba kimoja. Wenye shamba walipoona anavyopanga makreti, wakamtoa kwenye kuchuma wakampandisha kwenye tela. "Wamenigundua," akasema kwenye sauti yake, na nyuma Amosi anasikika akimwambia aache majivuno.

Tarehe kumi na nne Januari tela lilipinduka kwenye mfereji. Noel alikuwa juu ya makreti.

Amosi alinipigia mchana, dukani, kuna mteja anasubiri kopi. "Kaka, Noel yupo hai. Ila kuanzia shingoni kwenda chini hajisikii."

Nilipompigia baba, alisikia maneno mawili ya kwanza tu. "Yupo hai? Mungu asante!" Nikamsikia akiwaita watu wa nyumbani kumshukuru Mungu, na mimi nikiwa bado nimeshika simu.

Hospitali ya huko ilimtibu, na bima ililipa, na wiki ya tatu kiwango kikaisha. Daktari akasema shingo haitarudi. Akasema pia asithubutu kusafirishwa kwa barabara, na kwa ndege atahitaji nafasi ya viti vingi ili alale, na nesi. Nikaenda kwa Jenifa. Alikuwa ameshaandika makao makuu yao mara mbili. Alikuwa na majibu mezani, akayageuza kifudifudi nilipokaa.

"Pole sana, kaka Fredrick. Mgonjwa hawamrudishi. Ingekuwa..."

"Malizia tu, dada."

"Ingekuwa amefariki, saa hizi angekuwa njiani."

Sikumkasirikia. Yeye alinionya. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za ofisi yao, watu wananiruka, nikawaza: kuna mawili, atapona au hatapona. Wazima na akili zetu, watu watano na mwanasheria wao, hatukuona kwamba mtu anaweza asipone na asife.

Tukafungua kundi la simu la kumchangia. Siwezi kusema watu wetu ni wachoyo, nitakuwa muongo. Angekufa, kufikia jioni kungekuwa na turubai uani, mchele, maharage, na daftari la rambirambi limejaa. Tumezoea kuchangia jambo lenye mwisho. Huyu alikuwa mgonjwa wa mbali, anayepumua, hajulikani lini. Wiki ya kwanza walichanga, ya pili wakapungua, ya tatu mzee mmoja akaandika, "Tusubiri kwanza tuone hali inaendaje." Niliitupa simu mezani ikapasuka kioo. Hali inaendaje! Hali ilikuwa inakwenda huko ilikokuwa inakwenda.

Baba aliuza fahali wake. Hata kama angeuza zizi zima, ndege isingelipika. Pesa ya fahali ikaenda kwenye dawa za vidonda, nepi za watu wazima na kodi ya chumba, kwa sababu hospitali ilikuwa imemtoa, na aliyempokea ni Amosi. Mtu asiye ndugu, mliyekutana kibaruani, anakuogesha, anakugeuza, anakulisha uji, asubuhi anakwenda kazini. Huyo Amosi mimi sijamwona kwa macho mpaka leo, na kila ninapoomba namtaja.

Mwezi wa tano, siku ya mnada, shangazi Agripina alikuja mjini kusikia sauti ya mwanawe, maana simu yake haina uwezo wa kupiga nje ya nchi. Alikaa kwenye benchi pembeni ya mashine ya kopi. Nikapiga, nikaweka spika. Kule Amosi alikuwa amemshikia simu sikioni.

"Shikamoo mama," Noel akasema. Sauti yake ilikuwa imekonda.

"Marahaba mwanangu. Unakula?"

"Nakula mama." Uongo. Wiki hiyo hiyo Amosi alikuwa amenitumia ujumbe kwamba Noel anageuza uso akiona uji, siku ya nne sasa, na hasemi kwa nini.

Waliongea habari za mvua, za alizeti iliyoliwa na ndege, za kuku. Halafu Noel akasema, "Kaka Fred, upo? Ile karatasi yangu inaisha lini?"

Kopi yake ilikuwa kwenye begi la kijani, na begi liliibwa hospitalini. Aliyekuwa anajua tarehe ni mimi. Thelathini Juni. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Nilielewa pale pale kwa nini anauliza, na kwa nini anakataa uji. Alikuwa anataka kuwahi. Mtu aliyekuwa anapakia malori kabla hakujakucha alikuwa amelala kule anapiga hesabu ya kuwahi gari lake la mwisho. Shangazi alikuwa ananitazama.

"Bado sana," nikasema. "Baba aliongeza. Tuliilipia miaka miwili."

"Miwili?"

"Miwili, ndugu yangu. Mpaka mwakani."

Akaanza kucheka kabla hajasema kitu, kama zamani. "Mjomba bwana! Basi kumbe sina haraka. Amosi, ule uji upo?"

Tukamsikia anakunywa. Shangazi akafunika mdomo kwa kanga.

Simu ilipokatika akaniuliza, "Kweli ni miaka miwili, Fredrick?"

"Hapana shangazi. Inaisha mwezi ujao."

Alikaa kwenye benchi lile mpaka saa ya gari lake, wateja wanaingia na kutoka, wanamwamkia shikamoo, anaitikia. Nilipombebea kikapu mpaka stendi, alikipokea bila kunitazama. Nilitamani anitukane.

Nilimwomba Jenifa waongeze mwaka. Alijaribu, namshuhudia, lakini hakuna kampuni inayomkatia bima mtu ambaye ameshaanguka. Tarehe thelathini Juni nilikuwa dukani. Nilitoa karatasi kwenye faili nikaiweka mezani, sijui nilikuwa nasubiri nini. Jioni nikairudisha kwenye faili nikafunga duka.

Noel aliishi Julai, akaishi Agosti. Alikula uji. Alimwambia Amosi amsimulie habari za shamba, nani kafukuzwa, nani kapandishwa kwenye tela. Vidonda vya mgongoni vikaingia sumu, na tarehe tisa Septemba, asubuhi, akafa.

Amosi alipiga akilia. Aliponyamaza akasema, "Kaka, kuna kitu aliniagiza nikwambie. Alisema yule dereva wa gari la kutoka uwanja wa ndege asikate kwenda Kinampanda moja kwa moja. Apitilize kwanza mpaka Shelui, asimame pale kwenye malori wamwone, ndipo arudi." Akapenga kamasi. "Gari limeshapangwa, kaka? Niwaambie hapa mochwari wamwandae lini?"

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka kwamba nilimwomba arudie, na alirudia neno kwa neno, akidhani sikusikia.

Walimzika huko huko, kwenye mchanga, Watanzania kumi na mmoja na vibarua wenzao. Amosi alituma video ya dakika moja. Upepo umemeza sauti zote, unaona tu midomo ikiimba.

Kinampanda watu walikuja, turubai likafungwa, na wali ukapikwa, safari hii michango ilikuwepo. Katikati ya watu baba akanigeukia. Alikuwa amezeeka miezi ile, na nilikuwa nimeshamweleza uongo wangu wa miaka miwili. "Ungemwambia ukweli," akasema, "leo tungekuwa na mtu wa kuzika."

Ni kweli. Ni kweli pia kwamba uji ule aliunywa kwa furaha, nilimsikia. Yote mawili ni kweli, na nalala nayo yote mawili.

"Mwacheni Fredrick," shangazi akasema, macho yake yakiwa chini.

Wazee wakaomba shati. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa pembeni ya lile la Philipo. Nyumbani lilikuwa limebaki moja tu, la kazi, la bluu, linanuka vitunguu hata likifuliwa. Shangazi aliingia ndani kulileta, akakawia, na alipotoka alikuwa amelivaa juu ya gauni lake. Mikono ambayo ilimwishia Noel katikati ya kiganja cha mkono na kiwiko, kwake ilifunika vidole.

"Hili haliendi shimoni," akasema. "Fukieni."

Wakafukia kaburi likiwa tupu kabisa. Msimu huu nimemwona shangazi Kiomboi kwenye foleni ya mashine ya kukamua, amekalia gunia lake la alizeti, amevaa lile shati. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasogea kidogo ili nipite.